Mikono Arobaini na Mmoja

Tusizungushane: siku ile mjinga alikuwa Domo. Si mashine, si haraka ya mteja, wala si shetani, ingawa wote watatu walikuja kutajwa baadaye. Domo ndiye aliyeshika bisibisi, akafungua skrubu mbili, akaing'oa kinga ya grenda, kile kibati cha nusu duara kinachokaa kati ya diski na nyama ya mtu, kisha akasimama pale akijiona mjanja wa wajanja.

Jina la Domo alipewa na dada yake wakiwa watoto, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hakupumzika. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye kipara na karakana yake, lakini jina lilishaganda. Kwa kazi alikuwa mchongaji, ila si wa zile sanamu za wakubwa wanaonyoosha kidole katikati ya barabara huku ndege wakiwachafua vichwa. Yeye alipamba nyumba za wenye nazo. Alitengeneza miguu ya meza iliyopinda kama moshi, masinki yenye umbo la jani lililokunjwa, kuta nzima za plasta zenye mawimbi, vishikizo vya milango vilivyofanana na mfupa uliolambwa. Watu wametoka jasho miaka wakayakimbia mawe ya kwao, alikuwa akisema, na mimi nawarudishia sebuleni, tena wanashukuru.

Maneno hayo dada yake alishayasikia mara mia na bado aliyachekea. Huyo dada ndiye aliyekuwa nusu ya pili ya karakana. Umbo alitoa Domo. Ngozi ilikuwa kazi ya dada. Alikuwa na namna yake ya kupitisha msasa, kwa wepesi, kwa kuzungusha, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, na nta aliipaka kwa kipande cha fulana kuukuu mpaka jiwe likaonekana lina joto. Wateja wakiingia walimsifu Domo. Naye alipokea sifa zote bila kurudisha chenji, na dada yuko nyuma yake, kitambaa kichwani, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyefufuka.

Kazi yenyewe ililetwa na mpambaji wa majumba, mwanamke mwembamba aliyemwita kila mtu mpenzi na asiyempenda yeyote. Kulikuwa na nyumba mpya mlimani, alisema, yenye ngazi za kuzunguka, vipandio arobaini na kimoja, na mwenyewe hataki reli ya mbao wala ya chuma. Domo akachora pale pale nyuma ya bahasha: kwenye kila kipandio, mkono wa jiwe jeupe umetokeza ukutani, kiganja wazi, kana kwamba kuna mtu ndani ya ukuta anayemwambia anayepanda, njoo, nikushike. Mpambaji aliitazama ile bahasha kwa muda, kisha akaikunja, akaitia mkobani. Hiyo ndiyo ilikuwa idhini.

Mkono wa kuigwa ukawa wa dada. Domo aliomba wa kulia, dada akakataa. Wa kulia, alisema, nauweka wa kukuzaba, wewe chukua wa kushoto. Wakakoroga ndani ya ndoo ule unga ambao madaktari wa meno hutumia kuchukua umbo la meno ya watu. Dada akavua pete yake ya ndoa, akatumbukiza mkono, akaambiwa asitikisike kwa dakika sita. Mara ya kwanza walipoteza ndoo nzima kwa sababu Domo aliiga shemeji yake anavyokoroma. Mara ya pili alifunga mdomo, muujiza mdogo, na mkono ukatoka kamili: mishipa, mistari ya kiganja, kovu la kisu cha jikoni, na kwenye kidole cha pete ule mbonyeo ambao pete huuacha ikikaa miaka. Kutoka hapo Domo akatengeneza kalibu ya mpira ya vipande viwili. Kila siku mbili tatu alimimina humo saruji nyeupe na unga wa marumaru, akasubiri, akafungua, na dada akazaliwa tena, mkono mmoja mmoja.

Kasoro ilikuwa mshono. Pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana hubaki mstari uliotokeza, na mstari huo ulipita katikati ya vidole, mahali pabaya kupafikia. Kwa msasa, kuutoa kulikula nusu siku kwa mkono mmoja. Kwa grenda ndogo ingekuwa dakika tano, ila kinga yake iligonga vidole vya jiwe kabla diski haijafika. Walikuwa wamemaliza thelathini na mitatu. Ilibaki minane, na mpambaji alikuwa akipiga simu asubuhi, mchana na jioni, kama dozi.

Kwa hiyo Domo akaitoa kinga, dada akiwa ameenda kuchota maji. Zile skrubu hakuzitupa. Alikuwa na mazoea aliyoyapata baada ya kupoteza skrubu nyingi maishani: kila alichokifungua alikibandikia skrubu zake kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na ncha ya utepe aliikunja kidogo ili isimsumbue siku ya kubandua. Dada alimcheka kwa hilo, akimwita bibi harusi wa vifaa. Yeye skrubu zake alizifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwani, na siku akisahau ziliishia kwenye beseni la kufulia. Domo akabandika, akakunja ncha, akaiweka kinga kwenye sehemu ya chini ya sanduku la vifaa.

Dada aliporudi akaikuta mashine iko uchi. Akauliza kinga iko wapi.

"Kinga ya nini, dada, kwani unakwenda vitani?"

Dada akacheka. Akakaa kwenye kigoda chake, akaushika mkono wa thelathini na nne kwa mkono wake wa kushoto, vidole juu ya vidole, akawasha.

Diski ilinasa mahali pembamba, ikaruka. Hakuna zaidi ya hapo la kusimulia. Vidole viwili, cha mwisho na cha pete; na alipoanguka, kichwa kikagonga ukingo wa meza ya kazi. Damu ilipoingia kwenye unga wa marumaru ilifanya uji mzito wa rangi ya waridi, na Domo, ambaye miaka yote alikuwa na neno kwa kila jambo, alikaa sakafuni amembana mkono kwa aproni huku akisema aa, aa, aa, kama mtoto anayejifunza.

Hospitalini daktari aliuliza swali la kawaida kabisa, bila kuinua macho kutoka kwenye fomu yake: hiyo mashine haikuwa na kinga? Shemeji alikuwa amesimama pale pale, mikono kifuani, mtu mwenye shingo kama gogo. Domo akaitazama ile shingo.

"Aliitoa mwenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa nje."

Lilikuwa neno dogo na lilitoka lenyewe. Alidhani atalirekebisha kesho yake. Lakini kesho yake dada alizinduka hakumbuki kitu baada ya chai ya asubuhi, na neno la Domo lilikuwa limeshazunguka ukoo mzima, limeshakaribishwa, limeshapewa kiti. Mama alilia, akasema haraka za mtoto huyu ndizo zitakazomwua, tangu mdogo alikuwa akibugia chai ikiwa inachemka. Shemeji alisema mtu aliyejikata vidole mwenyewe hana haja ya kutafutiwa mkosaji, na tangu siku hiyo akamweleza mkewe kila kitu mara mbili, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa wa akili. Pete ilirudi nyumbani ndani ya bahasha ya hospitali. Kwa kuwa haikuwa tena na pa kukaa, ikawekwa kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha.

Siku ya nane Domo alikwenda kumjulia hali. Alimkuta amekaa kitandani, bandeji kubwa kama ngumi ya bondia. Alikuwa amekonda usoni. Alimtazama mdogo wake kwa aibu.

"Nisamehe, mdogo wangu," akamwambia. "Nimekuharibia kazi."

Domo akasema usijali. Ndivyo alivyosema, usijali, na akampigapiga begani. Kisha akatoka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba karibu na mapipa ya taka, akacheka peke yake. Si kwamba alifurahi. Uso wake haukujua kufanya kitu kingine.

Ile mikono minane aliimaliza mwenyewe kwa msasa. Ilichukua wiki mbili. Mpambaji aliambiwa asubiri, akasubiri, na hakuna aliyekufa. Ule wa thelathini na nne haukuwa umepata hata mkwaruzo. Domo aliuosha mara tatu, akaupitishia msasa juu juu huku akiangalia pembeni, akauweka na wenzake.

Sehemu ya chini ya sanduku hakuigusa tena. Kwa miezi mitatu alilibeba sanduku lile huku na huko akichukua vya juu tu. Angeweza kuitupa ile kinga jalalani na dunia isijue. Kila alipotaka, aliona kuitupa ni kusema uongo kwa mara ya pili, na hata mwongo ana kiwango chake.

Basi mikono ikafungwa ukutani. Mpambaji akaja, akapanda, akashuka, akasema ni mizuri, lakini mpenzi, mbona imekauka hivi, inaonekana ya maiti. Ilihitaji nta. Domo akajaribu mmoja, ukatoka mabaka. Akajaribu wa pili, ukatoka unang'aa kama uliochovywa kwenye mafuta ya kukaangia. Habari zilimfikia dada kupitia kwa mama, naye akatuma neno kwamba atakuja. Shemeji alipinga, alisema mwanamke aliyefungua kinga ya mashine kwa mkono wake mwenyewe hafai kukaribia kazi ya watu. Dada akamjibu kwamba nta haikati.

Walifika mchana. Nyumba ilinuka rangi mpya na gundi. Makochi yalikuwa bado ndani ya nailoni, sakafu imetandikwa makaratasi, na kila hatua ilirudi na mwangwi wake, kama vile nyumba inawahesabu. Domo akaweka sanduku chini ya ngazi. Dada akasimama hapo, akatazama juu.

Ukuta ulizunguka ukipanda, na kutoka humo, kipandio baada ya kipandio, ulitokeza mkono wake wa kushoto kama ulivyokuwa: mishipa yake, kovu lake, mbonyeo wa pete yake. Mara arobaini na moja.  Akalibana kopo la nta kifuani kwa vidole vitatu vilivyobaki, akakamata kitambaa kwa mkono wa kulia, akaanza na wa kwanza.

Domo alitamani atukanwe. Badala yake akajikuta anaropoka kama redio iliyosahauliwa: kwamba mwenye nyumba akirudi amelewa itabidi awasalimie wote, asimruke hata mmoja, kwamba akija mgeni wa kudai kitu, ataona mikono yote hii imenyooshwa, adhani wadai wenzake wametangulia. Dada alitabasamu mahali palipostahili. Jiwe lilikuwa linabadilika chini ya kitambaa chake. Mkono mmoja baada ya mwingine uliacha kuwa wa maiti.

Mpambaji alipita kukagua, akafika kwenye kipandio cha ishirini na tisa, akashika mkono uliokwisha kupakwa na kuushikilia muda mrefu kidogo. Akauliza ni wa nani, wa mwanamitindo? Domo, aliyekuwa juu kabisa akifuta vumbi, akakohoa. Dada akajibu yeye: ni wa mtu aliyekuwa akifanya kazi karakanani.

Hapo macho ya mpambaji yakateremka kwenye kopo la nta na kile kilicholishika. Akauliza kwa sauti ya chini kama alizaliwa hivyo.

"Hapana," dada akasema. "Nilikuwa na haraka."

Mpambaji akasema pole, mpenzi. Kisha, kwa upole kabisa, akaomba kwamba mwenye nyumba atakapofika na wageni wake saa kumi, dada awe amekaa jikoni, maana mtu akiiona ile ya ukutani na huu kwa pamoja... Hakumalizia. Akaenda kuangalia mapazia.

Domo alisikia yote. Akaendelea kufuta vumbi. Dada akachovya kitambaa, akaendelea kupanda, thelathini, thelathini na moja, na ilikuwa kana kwamba ameambiwa tu kwamba mvua itanyesha. Kwenye kipandio cha thelathini na nne akasimama. Akapitisha kidole gumba katikati ya vidole viwili vya mwisho vya jiwe.

Huu hukuumaliza, akasema. Mshono bado upo hapa. Akauliza msasa laini uko wapi.

"Kwenye sanduku," Domo akajibu kutoka juu, akili yake ikiwa bado kwa yule mwanamke na jikoni lake. "Chini."

Alizisikia hatua za dada zikishuka na kuzunguka. Alisikia vibanio vya sanduku vikifunguka, tak, tak. Akasikia trei ya juu ikiinuliwa na kuwekwa sakafuni. Hapo ndipo kichwa kilipoufikia mdomo, akaanza kushuka mbio, na baada ya vipandio vichache akasimama, kwa sababu huko chini hakukutoka tena sauti yoyote.

Kutoka pale aliposimama aliweza kumwona. Dada alikuwa amechutama mbele ya sanduku, kile kibati cha nusu duara kiko mapajani mwake. Alikuwa akibandua utepe mweusi polepole, kwa ukucha, akianzia kwenye ile ncha iliyokunjwa. Skrubu mbili zikaanguka kwenye kiganja chake. Akazitazama kama mtu anayesoma barua fupi. Kisha akainuka, akaanza kupanda.

Domo akakaa. Alipotazama ukutani aone yuko wapi, alijikuta kwenye kipandio cha thelathini na nne.

"Domo," dada akasema alipofika. Hakuwa amepandisha sauti. "Mimi skrubu huwa naweka wapi?"

Domo akamwambia. Kwenye ncha ya kitambaa.

"Na anayebandika kwa utepe ni nani?"

Domo akatafuta mzaha. Maisha yake yote mzaha ulimjia bila kuitwa, kwenye misiba, kwenye foleni, mbele ya askari. Siku hiyo hakukuwa na kitu. Akasema ni mimi.

Dada akaegemea ukuta. Akamweleza kwamba kwa miezi mitatu, kila akifumba macho, amekuwa akiitafuta ile saa kichwani mwake. Akiitafuta bisibisi mkononi, akijiuliza ni mtu wa namna gani anafungua kitu kama kile kisha anakaa mbele yake. Hakuipata bisibisi. Akaamini kuna kitu kimekatika kichwani pia, si mkononi tu. Mume wake alishaamini hivyo. Mama alishaamini. Na mtu aliyekuwa na jibu alikuja kumtazama kitandani, akaombwa msamaha, akaupokea.

Ndipo Domo alipofungua mdomo wake, na ukimfungua Domo kwa hofu hana breki. Akasema shemeji alikuwa amesimama pale, dada, ungeiona ile shingo, angenimaliza mbele ya daktari. Akasema alikusudia kulisema kesho yake, na kesho yake ikapita, na kila siku iliyopita ililifanya lizidi kuwa kubwa mpaka halikupita tena mdomoni. Akasema yeye naye hajalala, yeye naye ameumia, na dada akamtazama kwa namna iliyomfanya aruke hilo haraka. Akasema kusema sasa hakutaotesha kidole. Akasema shemeji atavunja undugu, karakana itakufa. Akasema mama ana presha, habari kama hii inaweza kumlaza moja kwa moja, je, dada yuko tayari kubeba hilo?

"Nitaandika jina lako," akasema. "Kwenye shaba, hapo kwenye mkono wa kwanza, kila anayepanda alisome. Kazi yote nitasema ni yako. Ila hili tuliache hapa hapa, dada. Liwe letu wawili."

Dada alimwacha amalize. Kisha akakishika kitambaa chake cha kichwani, akavuta ncha moja mbele, akaziweka zile skrubu mbili katikati yake. Kufunga fundo kwa vidole vitatu kulimchukua muda. Mara ya kwanza lilifunguka, mara ya pili akalikaza kwa meno. Domo alinyoosha mkono amsaidie, akaurudisha mwenyewe. Kinga yenyewe dada akamwekea mapajani.

"Shuka," akamwambia. "Nenda kwa mama, umwambie yeye kwanza, kisha umwambie shemeji yako. Na miguu ikikutetemeka, shika mkono wangu. Hapo ukutani ipo arobaini na mmoja, na kila mmoja una vidole vitano."